Kiraka cha Safu ya 34

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi.

"Shangazi anaumwa jino. Njoo na koleo."

Sindano aliusoma mara moja, akaufuta, akakanyaga mafuta.

Koleo maana yake kamata. Na jino lenyewe lilikuwa mbele yake, mita mia mbili, ndani ya Prado nyeupe iliyokuwa ikikata barabara kana kwamba inafukuzwa na nyuki.

Prado ilimwona. Ikahama njia bila taa. Ikapita kushoto kwa lori la saruji, ikarudi kulia, ikakoswa kidogo na basi la wafanyakazi. Dereva wa basi alitoa kichwa dirishani na kusema maneno ambayo hayaandikiki.

Sindano hakupiga honi. Subaru yake ilikuwa kuukuu kwa nje tu. Aliibana Prado mpaka kwenye mzunguko, akaibana tena kwenye kituo cha mafuta. Hapo yule mtu akafanya kosa la mtu mwenye hofu: akaingia kwenye banda la kuoshea magari, lile la mashine, akitumaini kutokea upande wa pili.

Mashine ya kuosha gari haina haraka na mtu.

Sindano alizunguka banda, akaegesha, akashuka. Alisubiri dakika tatu huku brashi kubwa zikizunguka na povu likimwagika. Prado ilipotoka ilikuwa inang'aa. Mwenyewe hakung'aa.

Alifungua mlango wa abiria, akaketi.

"Shikamoo, mkaguzi."

"Marahaba," yule mtu akajibu kwa mazoea. Kisha akaona bastola ya Glock 19 imelala mbavuni mwake, akajuta kuitikia.

"Unakwenda wapi mbio hivyo?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

"Kukagua ndege."

"Ndege ipi?"

Jasho lilimtoka mkaguzi kwenye mdomo wa juu.

"Baba, sijaja kukubembeleza. Nikiuliza, unajibu. Ndege ipi?"

Akajibu. Alijibu hata asiyoulizwa.

Ndege ilikuwa kwenye karakana namba sita, nyuma ya uwanja. Ingekabidhiwa saa nne asubuhi kwa mzee mmoja mwenye kampuni changa. Saa kumi jioni ingeruka na abiria mia mbili na arobaini. Yeye mkaguzi alilipwa asione kitu. Aliyemlipa waliongea kwa simu tu, hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kwa ajili ya mnunuzi wangejaza hewa ndani ya ndege, kuonyesha kwamba haivuji. Walikubaliana presha ifike mbili kwenye kipimo, isipite hapo.

"Angani inafika ngapi?"

"Tisa."

"Na mkabidhi ndege kwa mbili."

Mkaguzi akaangalia magoti yake.

"Aliyekulipa anaitwa nani?"

"Wanamwita Daktari."

Sindano alijua atasikia jina hilo. Hata hivyo kidole chake kilikaza kwenye bastola, akakilegeza kwa nguvu.

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikatoka kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Sindano, kavu kama karatasi. Ilikuwa sauti ya mkuu wa idara ya usalama. Jina lake halisi lilikuwa ndani ya kabati la chuma. Kazini wote walimwita Shangazi.

"Nimesikia. Vijana wanakuja kumchukua huyo. Wewe chukua mhuri wake na barua."

"Niende badala yake?"

"Umesomea ndege miaka minne. Karakana za watu umefagia na umefungua injini. Nani mwingine niende kumtafuta?"

"Sawa, Shangazi."

"Sindano."

"Naam."

"Ndege tukiikamata tu, atasema hakujua. Kama mara ya kwanza. Nataka maneno yake mwenyewe, kwa mdomo wake. Na ninamtaka hai."

Sindano alikuwa akifungua mkoba wa mkaguzi, akitafuta mhuri.

"Sijasikia."

"Hai," akasema Sindano.

*

Mara ya kwanza ilikuwa miaka miwili nyuma.

Ndege aliyoikarabati Daktari, fundi mwenye karakana, ilipasuka ubavuni ikiwa juu ya bahari. Walikufa watu wote. Mmoja wao alikuwa mhudumu wa nyuma, kijana wa miaka ishirini na sita, mcheshi, mtu wa kupiga pasi hata soksi. Alikuwa mdogo wake Sindano, kitindamimba wa kwao. Sindano alimbeba mgongoni tangu yeye mwenyewe ana miaka kumi, akamfundisha kuendesha baiskeli, akamlipia mafunzo ya uhudumu.

Mabaki yalizama kwenye kina kisichofikika, isipokuwa kinasa sauti kilichookotwa kikielea. Mahakamani Daktari alivaa suti ya kijivu na kutamka neno moja saa tatu mfululizo.

"Sikujua."

Na neno lile lilimwokoa, kwa sababu ndege za siku hizi zinamsaidia mwongo. Ngozi yake si bati. Ni nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa kwa gundi. Bati likiungua linakunjamana, kila mtu anaona. Nyuzi zikiungua zinaachana kwa ndani kimyakimya. Unapaka pati ya kuzibia, unapiga msasa, unapuliza rangi, mtu anapita hapo na kusifia.

Hakimu alisema hawezi kumfunga mtu kwa kitu ambacho macho hayakioni.

Daktari alitoka na kupeana mikono na watu mlangoni. Alimpa mkono hata Sindano. Hakumjua ni nani. Aliona mwanamke mwenye miwani ya jua, akamwambia, "Pole sana, mama."

Sindano aliupokea mkono ule. Ulikuwa wa vuguvugu.

Ndege ya leo iliungua ubavu wa nyuma ikiwa imeegeshwa, haina mtu. Bima waliikataa na kuagiza ikatwe. Karatasi zilisema imekwishakatwa, vipande vimeuzwa chakavu. Kumbe ilikuwa imelala karakana namba sita na jina la ndege nyingine.

*

Saa tatu na dakika arobaini alifika getini akiwa na ovaroli ya bluu, kofia, mhuri na barua ya mkaguzi.

Mlinzi alikuwa na shingo pana kuliko kichwa. Ndiyo maana aliitwa Kisiki. Alimpitishia kifaa cha kupekua vyuma, kisha akamimina mfuko wake juu ya meza.

Simu. Akaiweka pembeni.

Kidude cheusi cha ukubwa wa kiganja, kilichofanana na kopo la poda. Kilikuwa kamera ya joto, ya kuona kilicho chini ya rangi. Idara iliingoja miezi minane.

"Hii nini?"

"Poda."

"Karakana si mahali pa poda." Akaiweka pembeni pia.

Kalamu ya Bic. Sarafu moja.

"Kalamu niachie. Nisipotia sahihi, bosi wako hauzi."

Kisiki akamrudishia kalamu na sarafu. Bastola ilikuwa imebaki chini ya kiti cha Subaru. Kidude cha sikioni hakikuonekana. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama.

"Wamechukua kamera ya joto," akanong'ona akivuka uwanja.

"Ile ya ghali?" Shangazi akauliza.

"Ile ile."

"Kalamu?"

"Ninayo."

"Basi maneno yake tutayanasa. Tuko kwenye gari la zimamoto, ukuta wa mashariki. Wameliomba wenyewe, sheria inataka liwepo hewa ikijazwa."

Karakana namba sita ilinuka rangi mbichi na thina. Ukutani kulikuwa na ubao wa vifaa, kila spana imechorewa kivuli chake ili ikikosekana ionekane. Vivuli vitatu vilikuwa vitupu. Sindano aliona hilo kabla hajaitazama ndege. Karakana inayopoteza spana tatu na kuendelea kupiga mluzi ni karakana ya wahuni.

Kisha akaitazama ndege.

Ilikuwa nzuri. Nyeupe, laini kama yai. Ingemdanganya yeyote.

"Nilitarajia mwanamume," sauti ikasema nyuma yake.

Daktari. Mafuta ya nywele, ovaroli nyeupe isiyo na doa, kalamu nne kifuani. Sindano aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mlango wa mahakama. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Akatabasamu.

"Mwenzangu ameshikwa na tumbo. Kanituma mimi."

"Kakwambia tulichokubaliana?"

"Mbili."

"Na baada ya mbili?"

"Baada ya mbili mimi ni kipofu."

Daktari akacheka kwa raha. "Napenda wanawake wanaoelewa kazi. Mzee yule pale. Muoneshe unakagua kweli, lakini usimchoshe."

Mzee mwenye kampuni alikuwa amesimama chini ya bawa, miwani mizito, koti la mikono mirefu kupita mikono yake. Alikuwa anaipapasa tairi kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hujambo, mwanangu. Wewe ndiye mkaguzi?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Iangalie vizuri. Leo saa kumi mke wangu na wajukuu wawili ndio abiria wa kwanza. Wanapigania dirisha tangu juzi."

"Nitaiangalia, mzee."

Alipanda jukwaa la magurudumu na kutoa sarafu. Hiyo ndiyo siri ya ndege za kaboni, na hakuna ofisi inayokusubirisha miezi minane kuipata. Ukigonga ngozi nzima kwa sarafu, inaita. Ukigonga iliyoachana ndani, inanyamaza.

Alianzia mbele.

Ti. Ti. Ti.

Akasogea nyuma, dirisha hadi dirisha. Daktari alikuwa chini akimweleza mzee habari za rangi, inatoka ng'ambo, haipauki. Mafundi walikuwa wanafagia.

Ti. Ti. Ti.

Kushoto, nyuma ya bawa, usawa wa safu ya thelathini na nne.

Tuf.

Akagonga tena, taratibu.

Tuf. Tuf. Tuf.

Kama kugonga mkate. Alilifuata eneo lile kwa sarafu mpaka alipopata mipaka yake. Lilikuwa kubwa kama mlango wa nyumba. Chini ya rangi ile nzuri hapakuwa na ndege. Palikuwa na pati na majivu.

Ndugu yake alikuwa akikaa kwenye kiti cha kukunja, mgongo ukutani, mahali kama hapa.

Alishuka. Sarafu aliirudisha mfukoni.

"Vipi?" Daktari akauliza kwa sauti ya kusikika na mzee.

"Inaita vizuri."

"Nilikwambia, mzee! Hii ni mpya kuliko suti yako."

"Bado kujaza hewa," Sindano akasema. "Na kwenye karakana nilizopitia mimi kuna desturi. Fundi aliyeitengeneza ndege anakaa ndani hewa ikijazwa. Asiyekaa, hatuweki mhuri."

Mafundi wakaacha kufagia. Desturi hiyo waliijua. Kila karakana inaijua. Mmoja wao, mwanamke mwenye kilemba cha manjano, akasema bila kuinua kichwa, "Kweli kabisa. Aliyeziba anakaa."

"Ni haki," mzee akasema. "Mimi mwenyewe nakaa."

Daktari alimtazama Sindano. Sindano akamkonyeza kidogo sana, jicho la kushoto. *Mbili.*

Uso wa Daktari ukalainika. Alikuwa amenunua mkaguzi. Angeogopa nini?

"Nakaa hata na chai," akasema. "Twendeni."

*

Mlango ulifungwa. Ngazi zilibaki nje, na Kisiki chini yake.

Viti vilikuwa bado na nailoni. Daktari alijitupa safu ya tano, akakunja nne. Sindano alimchukua mzee mpaka chumba cha rubani, akamketisha kushoto, akafunga mlango.

Mlango wa chumba cha rubani siku hizi haupenywi na risasi wala shoka.

Aliwasha injini ndogo ya mkiani. Hewa ikaanza kuingia, shuu, na masikio yakaziba. Akabonyeza kitufe kingine. Skrini ndogo ikaonyesha sehemu ya abiria, na Daktari akipiga miayo.

Kipimo cha presha kilisoma 0.5.

1.

"Mzee, nisikilize na usiinuke," Sindano akasema. "Mimi si mkaguzi. Ni wa serikali. Ndege hii iliungua, ikaamriwa ikatwe. Nyuma kushoto, safu ya thelathini na nne, ukuta umekufa. Hapa mbele ni pazima, uko salama."

Mzee aligeuka kuutazama mlango uliofungwa.

"Umesema inaita vizuri."

"Nilimdanganya yeye. Sasa mtazame."

1.8.

2.

Daktari aliinua dole gumba kwenye kamera. Imetosha.

2.3.

Dole gumba likashuka.

2.7.

Akasimama. Akanyanyua simu ya wahudumu. "Mkaguzi! Imefika. Zima."

"Bado," Sindano akasema.

"Bado nini? Tulikubaliana!"

"Ulikubaliana na mwenzangu. Yuko rumande, anakusalimu."

Daktari alifanya kitu ambacho mahakama ilishindwa kukipata kwa miezi saba. Hakutazama dari. Hakutazama milango ya mbele. Aligeuza shingo na kutazama nyuma, kushoto, mahali pamoja tu. Halafu akakimbia mbele.

"Mbona anakimbia?" mzee akauliza.

"Muulize." Sindano akampa simu.

"Daktari," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nenda ukakae safu ya thelathini na nne. Dirishani."

"Mzee, hapana, huyu mwanamke ni kichaa..."

"Kaa pale ambapo mimi nimewakatia tiketi wajukuu wangu."

"Mzee, tafadhali!"

3.5.

Daktari aliushika mkono wa mlango wa ndege, akauvuta. Akauvuta kwa mikono miwili. Akauwekea mguu. Alikuwa amesahau lile analolijua kuliko mtu yeyote: hewa ikishajaa, milango hii hujikaza yenyewe kwa ndani, na hata fahali hawezi kuifungua.

Akatoa simu yake ya mkononi.

"Kisiki! Vunja mlango! Tuue huyu mwanamke! Vunja!"

Kisiki alipanda ngazi kwa kishindo. Alivuta. Alipiga teke. Alirudi na mtaimbo, akapiga mara tatu, mlango ukamcheka. Kisha akasogeza ngazi mpaka ubavuni mwa chumba cha rubani, akapanda tena. Uso wake ukatokea dirishani, na bastola ya Beretta chini ya kidevu chake.

Mzee akajikunja. Sindano alimsukuma chini kwa kiganja.

Paa!

Kioo cha rubani kina tabaka nyingi. Kimeundwa kistahimili kupigwa na tai ndege ikiwa mbioni. Tabaka la nje lilichanika kama utando wa buibui. La ndani halikutikisika.

"Shangazi," Sindano akasema bila kupandisha sauti, "kuna mtu ananigongea dirisha."

"Tumemwona."

Gari la zimamoto lilijitokeza kona likiwa limeshainua bomba. Maji yalimpata Kisiki kifuani. Yalimng'oa ngazini, yakamburuta sakafuni, yakamkumba ukutani chini ya ubao wa vifaa. Spana kumi na tano zikamwangukia. Vijana wawili wenye kofia za zimamoto wakamkalia.

"Endelea," Shangazi akasema.

4.6.

Nyuma ya ndege kitu kililia. Sauti ndefu, ya mbao inayopindwa. Daktari aliziba masikio.

"Daktari," Sindano akasema. "Umeziba nini pale nyuma?"

"Palikuwa na mkwaruzo..."

4.9.

"Umeziba nini?"

"Pameungua! Pameungua, nimeweka pati! Zima!"

"Na ile ya miaka miwili iliyopita. Uliziba wewe?"

"Ile kesi imekwisha!"

5.2.

*Kwaa!*

Tabaka liliachia mahali. Paneli ya plastiki juu ya safu ya thelathini na nne ilichomoka na kuning'inia. Daktari alipiga magoti kwenye njia katikati ya viti, simu ya wahudumu bado mkononi, waya umenyooka.

"Niliziba mimi."

"Ulijua?"

"Jamani..."

"Nauliza mara moja tu. Ulijua?"

"Nilijua!" Ilitoka kama matapishi. "Nilijua, nilijua! Niligonga mwenyewe kwa sarafu, nikasikia imekufa. Walisema ndege inatakiwa Ijumaa. Nikasema labda itafika. Safari chache tu, labda itafika..."

Mzee alivua miwani.

Sindano hakusogea. Miaka miwili alikuwa akilitafuta neno lile. Alidhani likija litampunguzia kitu. Halikupunguza. Liliwasha.

"Tumelipata lote," Shangazi akasema sikioni. "Safi kabisa. Shusha hewa, umtoe."

Kidole cha Sindano kilikuwa juu ya swichi.

"Sindano. Shusha."

Alichomoa kidude sikioni, akaizima na kalamu, akavitia mfukoni.

"Daktari," akasema kwenye simu. "Ile ndege ilipopasuka haikuanguka palepale. Unajua ilichukua muda gani kufika chini?"

Daktari alishika kiti, akilia kwa kwikwi.

"Dakika kumi na moja. Iko kwenye kinasa sauti cha ndege, nimekisikiliza. Mhudumu wa nyuma alikuwa anawafunga watu mikanda. Dakika zote kumi na moja, anawaambia kaeni, kaeni, nipo hapa. Yule ni mdogo wangu."

Daktari akainua uso kwenye kamera. Safari hii alimwona.

"Nitaisimamisha presha hapa hapa kwenye tano nukta mbili," Sindano akasema. "Haitapanda, haitashuka. Wewe utakwenda safu ya thelathini na nne, ukae dirishani, ufunge mkanda. Dakika kumi na moja. Usipokwenda, naipeleka tisa, na hapo hata choo cha mbele hakitakuficha."

"Nitakufa!"

"Labda itafika," Sindano akasema.

Alienda. Alitembea kama mtu anayevuka mto asioujua kina, akishika kiti baada ya kiti. Alikaa. Mikono ilimshinda kufunga mkanda. Akajaribu mara nne.

Sindano alibonyeza saa yake ya Casio.

Dakika ya kwanza Daktari aliomba. Ya tatu alitukana. Ya tano ukuta ulilia tena karibu na sikio lake, akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Baada ya hapo hakuongea. Alikaa amekakamaa, shavu mbali na ukuta, macho yametoka, akihesabu kitu kwa midomo.

"Binti," mzee akasema kwa upole. "Inatosha."

"Zimebaki nne, mzee."

Mzee aliitazama skrini. Aliitazama simu yake mwenyewe, ambako nyuso za wajukuu wawili zilikuwa zinacheka. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Basi ziishe hizo nne," akasema.

*

Saa tano kasoro, hewa ilitoka, mlango ukafunguka kwa kidole.

Vijana wawili walimbeba Daktari kwapani. Ovaroli yake nyeupe ilikuwa imelowa. Alipopita mbele ya mafundi, yule mwanamke wa kilemba cha manjano alimwekea ufagio njiani, wakalazimika kumrusha juu yake kama mzigo.

Mzee alikuwa kwenye simu. "Msije uwanjani. Hakuna safari. Nimesema hakuna! Wape watoto simu."

Shangazi alishuka kutoka gari la zimamoto, mfupi, koti la mvua, viatu vya kushinda navyo. Alimsubiri Sindano aje.

"Nilisema ninamtaka hai."

"Yu hai."

"Anatetemeka kama ana homa. Kajikojolea."

"Hilo hukunikataza."

Shangazi alimtazama. Aliwahi kuwa na macho ya kuzuia watu kusema uongo, na bado anayo.

"Ulizima redio dakika kumi na moja."

"Betri."

"Nitaandika betri," Shangazi akasema. "Mara hii. Ukirudia nakurudisha ukafagie karakana."

"Ndege itafanywa nini?"

"Kile kilichoamriwa tangu mwanzo."

Mashine ya kukatia vyuma ilikuwa inaingia kwa minyororo, mdomo wazi, kubwa kama nyumba ndogo. Iliuma mkia kwanza. Nyuzi nyeusi zilitoka chini ya rangi ile ya ng'ambo isiyopauka, zikachanika vipande vipande. Ikasogea, ikauma ubavu wa kushoto. Pati ilidondoka sakafuni kama unga.

Mlangoni mwa gari la polisi Daktari aligeuzwa uso, akashikwa kichwa, atazame.

Sindano hakungoja mwisho. Alichukua poda yake kwenye meza ya Kisiki, akachukua simu, akavua kofia.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akamwita. "Taarifa inaandikwa leo!"

"Kesho."

"Sindano!"

"Kesho, Shangazi. Saa sita nina kikao cha wazazi. Mwalimu ananisubiri, mwanangu kapiga mtu darasani."

"Kampiga kwa nini?"

Sindano alifungua mlango wa Subaru.

"Ndicho ninachokwenda kuuliza. Na nani alianza," akasema, akawasha gari.